Elimu ya Mfereji

Kuna makosa ambayo mtu huyafanya mbele ya watu, akaadhibiwa, yakaisha. Kuna makosa mengine ambayo mtu huyafanya, mwingine akaadhibiwa kwa ajili yake, na hayo hayaishi. Nataka kueleza kosa langu moja la namna hii ya pili. Ninyi mnaosoma sasa mtapewa kalamu na vipimo kama nilivyopewa mimi, nanyi mtakutana na wazee wenye jembe na timazi kama nilivyokutana nao mimi. Ningependa mfanye vyema kuliko nilivyofanya.

Kwetu ni Ishiara, katika nchi ya Wambeere, upande wa chini wa Embu. Mlima Kenya twauona kwa mbali asubuhi ikiwa wazi, lakini sehemu kubwa ya mvua yake huwanyeshea wakulima wa chai na kahawa walio juu, sisi wa chini tukafikiwa na mabaki. Ardhi yetu ni ya joto. Hustawisha mtama, mawele, kunde, ndengu na maembe, na mbuzi huipenda kuliko ng'ombe. Jirani yetu mkubwa ni mto Thuci, ambao maji yake mwishowe huingia Tana. Mtoto wa Ishiara hujifunza mapema kwamba maji ni mali, kwamba mali hiyo haiji kwa kuitwa, na kwamba ikija bila kuongozwa huweza kuwa adui.

Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilitumia nguvu za watu waliofungwa na waliozuiliwa kuchimba mifereji ya kumwagilia mashamba katika mahali kadhaa: Mwea, Perkerra, Hola, na kwetu Ishiara. Watu wa umri wangu tulikua tukiwakuta wazee walioshiriki kazi ile. Walijua uzito wa sururu na ukali wa jua, lakini hawakuambiwa kwa nini mfereji unapinda hapa na kunyoka pale. Waliojua sababu walishika darubini ya kupimia na daftari. Wasioambiwa walishika majembe. Elimu ilikaa upande mmoja wa mfereji, na jasho likakaa upande wa pili.

Hata hivyo, macho ya mtu hayatiwi pingu. Miongoni mwa wazee wale alikuwako mmoja ambaye alichimba na huku akitazama. Alitazama jinsi vijiti vya kupimia vilivyosimikwa, jinsi maji yalivyoachiwa, na mahali mfereji ulipobomoka na kujengwa tena. Alipopata uhuru wake akawa mwashi. Hakuwa na cheti, wala hakujua kuandika zaidi ya jina lake, lakini nyumba alizozijenga zilisimama wima. Nitamwita Mzee Mwashi, maana ndivyo tulivyomwita sote.

Mwaka 1984 ukame mkubwa uliipiga nchi ya Kenya, na sisi wa Ishiara tulionja ukali wake. Mbuzi walikufa, maghala yakafagiliwa, na watu wakapanga foleni kupokea mahindi ya msaada. Ukame ulipopita, majirani wa ukoo wetu na wa koo nyingine walikutana wakasema: tuna kijito kinachoteremka kwenda Thuci, nacho hakikauki upesi, tukichimbe mfereji, tuyageuze maji yaje mashambani. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 30, na somo langu lilikuwa hesabu. Basi wakanichagua kuwa katibu na mpimaji. Mzee Mwashi wakamchagua kuwa msimamizi wa kazi ya mawe.

Mimi na yeye tulikwenda kuitazama njia ya mfereji. Yeye alitaka uufuate ubavu wa kilima, ukizunguka polepole, hata kama ungekuwa mrefu. Mimi nilitaka unyoke. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba njia iliyonyoka ingetuokolea mita 300 za kuchimba, na kwamba mteremko wake ungekuwa mita 6 kwa kila mita 1,000, na kwa hiyo maji yangefika upesi. Mzee alichukua kijiti akachora chini.

"Mwalimu," akasema, "maji ni kama mtoto. Ukimkimbiza mno mteremkoni ataanguka na kukuvunjia chungu. Tena pale chini njia yako inapita kwenye udongo mweusi. Udongo ule hulala na kuamka. Hautaki kujengewa."

Nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, ila nilicheka kama mtu mwenye daftari anavyomcheka mtu asiye nalo. Nikamwambia kwamba mahali penye udongo mweusi tutaweka sakafu na kuta za mawe na saruji, na udongo hautakuwa na la kusema. Kamati ilipokutana, nilisimama na tarakimu zangu; yeye alisimama na kijiti chake. Mnaweza kukisia ni nani aliyeshinda.

Tulichimba kwa miezi 7. Mzee Mwashi alijenga mawe kama alivyoagizwa, wala sikumsikia akinung'unika. Mwaka 1986, mwezi wa Agosti, tulifungulia maji, na wanawake wakapiga vigelegele. Kwa majuma machache tulionekana kuwa watu wenye akili. Kisha kuta za mawe zikaanza kupasuka, maana udongo mweusi hunywa maji ukavimba, na ukikauka husinyaa, na chochote kilichokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kama mtu aliyelala juu ya kitanda kinachotikiswa. Mahali pasipokuwa na mawe, maji ya mbio yaliimomonyoa sakafu ya mfereji mpaka ukawa bonde. Mvua za Novemba zilipokuja, mfereji ulipasuka usiku mmoja, maji yakapita katika mashamba ya jamaa tatu zilizokuwa zimekwisha panda. Mbegu zilikwenda, na udongo wa juu ukaenda pamoja nazo. Jamaa hizo hazikuvuna kitu msimu ule.

Tulikutana chini ya mti. Watu waliona kwa macho yao kwamba kilichopasuka kwanza ni kazi ya mawe, na kazi ya mawe ilikuwa ya Mzee Mwashi. Mmoja akasema saruji ilitiwa mchanga mwingi. Mwingine akauliza saruji iliyobaki ilikwenda wapi. Mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, wewe mwenye hesabu, wasemaje?"

Nikasema, "Hesabu zilikuwa sawa."

Ilikuwa kweli. Kujumlisha kwangu hakukuwa na kosa, na kugawanya kwangu hakukuwa na kosa. Kwa maneno matatu ya kweli nilisema uongo mkubwa kuliko wote niliopata kusema. Mzee Mwashi alinitazama, akaondoka bila kujitetea. Toka siku ile watu walipunguza kumpa kazi. Aliishi kwa kutengeneza mabanda ya mbuzi na kuziba nyufa za nyumba alizokuwa akizijenga mwenyewe zamani. Alikufa mwaka 2003. Nilikwenda mazikoni, nikasoma risala, na katika risala hiyo sikulitaja jambo la mfereji.

Nilistaafu mwaka 2016. Mtu akistaafu kazi yake huisha, lakini maswali yake hayastaafu. Swali langu lilikuwa hili: ni elimu gani niliyoikosa? Sikuwa mjinga wa hesabu. Mzee hakuwa mjinga wa mawe wala wa udongo. Elimu yote iliyotakiwa ilikuwako pale kilimani, kati ya watu wawili, na bado mfereji ukapasuka. Nikaanza kusoma habari za mahali ambapo watu walijaribu kuziweka elimu za namna nyingi chini ya paa moja, nipate kuona walifanyaje.

Nilivutwa na mji wa Grenoble, nchini Ufaransa, kwa sababu habari zake zinaanza kwa maji. Mji huo umezungukwa na milima ya Alps. Mwaka 1869, karibu na hapo katika kijiji cha Lancey, mhandisi aitwaye Aristide Bergès aliyashusha maji ya mlimani ndani ya bomba kutoka urefu wa mita zipatazo 200, akayatumia kuendesha mashine za kusaga miti iwe rojo la kutengenezea karatasi. Baadaye maji yale yale yakazalisha umeme. Watu wakayaita makaa meupe, maana theluji ya mlima ilifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na makaa ya mawe. Lakini viwanda vilipozidi, haja ya watu wenye kuujua umeme ilizidi pia. Mwaka 1892 mwalimu wa chuo kikuu, Paul Janet, akaanza kutoa mafunzo ya umeme wa viwandani nyakati za jioni, akiwafungulia mlango watu wa kazi wa mji ule.

Kutokana na mafunzo hayo ilizaliwa taasisi ya umeme. Mwaka 1907 likaongezwa shule la karatasi, na miaka iliyofuata yakaja mafunzo ya kemia ya umeme, na ya nguvu za maji. Hapakuwa na mtu aliyeketi siku moja akaamua kwamba mji ule uwe na shule nyingi. Kila shule lilikuja kwa kuwa shule lililotangulia lilikutana na swali lisiloweza kulijibu peke yake. Mwaka 1971 shule hizo ziliunganishwa rasmi kuwa Taasisi ya Taifa ya Politekniki ya Grenoble, na mmoja wa viongozi wake wa kwanza alikuwa Louis Néel, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hivi sasa taasisi hiyo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Grenoble Alpes, na ina shule 8, na bado shule la karatasi limo, na bado lipo shule la nishati, maji na mazingira.

Mjini Paris mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa huko shule zilikuwa kongwe na kila moja ilikuwa na fahari yake. École polytechnique ilianzishwa mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi. Shule la mawasiliano ya simu lilianzishwa mwaka 1878. Shule la madaraja na barabara ni la tangu mwaka 1747. Vijana wa Ufaransa hushindana kwa mitihani mikali ili kuingia katika shule hizi, na aliyeingia hujivunia jina la shule lake maisha yake yote. Hata hivyo, mwaka 2019 shule 5 zilikubali kuunganika katika Taasisi ya Politekniki ya Paris, na mwaka 2024 shule la madaraja na barabara likawa la sita. Kila moja imebaki na jina lake na mwenendo wake. Nilipoyasoma hayo nilijiuliza: ikiwa shule zilizoishi zaidi ya miaka 200 zimeweza kukiri kwamba hazijitoshelezi, mimi niliyekuwa mwalimu wa miaka 30 nilipata wapi kiburi cha kujitosheleza?

Msidhani ya kwamba jambo hili ni la Ufaransa tu. Neno tunalolitumia kwa vyuo vya namna hii hapa Kenya, chuo anuwai, lina maana hiyo hiyo ndani yake: ni chuo cha ujuzi wa kila namna. Mwaka 1956 Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Afrika Mashariki kilifungua milango yake mjini Nairobi. Mwaka 1961 chuo hicho kiligeuka kuwa Chuo cha Kifalme, kikaanza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, nacho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Mwaka huo huo wa 1961, katika mji huo huo, ilianzishwa Kenya Polytechnic kwa ajili ya mafundi na wasaidizi wa wahandisi. Palikuwa na sababu njema: taifa lililokaribia uhuru lilihitaji watu wa namna zote mbili kwa haraka. Lakini kwa kufanya hivyo mhandisi alisomea nyumba moja na fundi akasomea nyumba nyingine, na wazazi wakajifunza upesi kuipenda nyumba moja na kuionea haya ya pili.

Mombasa nako ilikuwako Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyoanza kufundisha ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikaja kuwa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2013 ndugu hawa wawili, wa Nairobi na wa Mombasa, walipewa hati ya kuwa vyuo vikuu vya kiufundi. Wengine walifurahi, maana mlango wa shahada ulifunguliwa mbele ya fundi. Wengine waliogopa kwamba chuo kikipanda ngazi, mwashi na fundi bomba wataachwa chini. Nadhani wote walikuwa na haki. Kuunganisha elimu si kuipandisha moja na kuisahau nyingine; hayo si maungano, ni kuhama nyumba.

Na ukitaka kuona ni kwa nini elimu hizi hazifai kutengana, nenda uutazame mto Tana mahali unapopita mpaka wa nchi yetu ya Mbeere. Huko yamejengwa mabwawa matano, moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Hayo ni makaa meupe yetu. Bwawa halisimami kwa elimu ya mtu mmoja. Kuna anayejua mwamba, anayejua udongo, anayejua saruji, anayejua gurudumu liendeshwalo na maji, anayejua nyaya. Na kuna anayejua kuchomea chuma ili kisivuje, ambaye kosa lake dogo laweza kuzibatilisha hesabu za wote waliomtangulia.

Haya yote niliyasoma na kuyaweka moyoni, na pengine yangekaa humo mpaka kaburini, lau si kwa mpwa wangu. Mwaka 2019 binti wa dada yangu, aliyekuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne, alipangiwa kusoma stashahada ya uhandisi wa ujenzi katika chuo anuwai mjini Meru. Alama zake zilikuwa zimepungua kidogo tu chini ya zile za kuingia chuo kikuu. Nyumbani palikuwa kimya kama palipofiwa. Dada yangu aliniita, akaketi mbele yangu, na mama yetu mzee akaketi pembeni, na binti akasimama mlangoni.

"Kaka," dada akasema, "wewe ndiwe mwalimu wa nyumba hii. Mwambie mtoto arudie mtihani. Mimi sikuuza mbuzi wangu wote ili binti yangu abebe karai la saruji."

Nilifungua kinywa niseme maneno ya kufariji, na badala yake nikajikuta nikisema habari za mfereji. Niliyasema yote: kijiti cha Mzee, kicheko changu, udongo mweusi, na yale maneno yangu matatu chini ya mti. Nikasema, "Mzee Mwashi hakuiba saruji wala hakuharibu kazi. Mimi ndimi niliyeuvunja mfereji, na ndimi niliyemvunja yeye."

Hapana aliyenijibu kwa muda mrefu. Kisha mama yangu akasema, "Miaka 33 umekaa na neno hili tumboni, na mtu yule alikuwa akipita hapa mlangoni kila siku ya soko."

Binti ndiye aliyeuliza swali la maana. Alisema, "Mjomba, kama mlikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu, kwa nini hamkuziunganisha?"

Nikamjibu, "Kwa sababu nilidhani nusu yangu ni kubwa."

Dada hakusema tena habari ya kurudia mtihani. Kesho yake, kabla ya jua kupanda, nilikwenda nyumbani kwa mwana wa Mzee Mwashi, ambaye naye ni mwashi, na binti akanifuata. Nilimweleza yale niliyowaeleza wa nyumbani kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainama akachukua jiwe dogo, akaligeuza mkononi.

"Mwalimu," akasema, "neno hili lilitakiwa baba akiwa hai."

"Ni kweli," nikamwambia.

Hakunikaribisha chai, wala sikustahili kukaribishwa. Lakini tulipogeuka kuondoka alimwuliza binti anakwenda kusoma nini, naye akamwambia. Akasema, "Ukirudi, pita hapa."

Binti alikwenda Meru. Mwezi wa Machi 2020, vyuo vyote vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, alirudi nyumbani, na akapita pale kama alivyoambiwa. Wawili hao waliufuata mfereji wa zamani toka mwanzo hadi mwisho, wakipima kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, maana maji yaliyomo katika ncha zake mbili husimama kimo kimoja. Mimi niliwafuata nyuma nikiandika tarakimu. Walipofika kwenye mawe yaliyopasuka, binti aliingiza mkono katika ufa, akauliza, "Baba yako alitia ndoo ngapi za mchanga kwa ndoo moja ya saruji?"

"Nne," akajibu. "Nilikuwa kijana, nilimbebea mimi mwenyewe."

"Basi saruji haikuwa na kosa."

"Hilo baba alilisema," akajibu, na sauti yake ikakatika.

Halafu walipima ile njia ndefu ya ubavu wa kilima aliyoichora Mzee kwa kijiti. Mteremko wake ulikaribia mita 1 kwa kila mita 1,000. Binti akatuambia kwamba chuoni wamefundishwa kuwa mteremko wa namna hiyo huufaa mfereji wa udongo: maji hayaendi mbio yakaumomonyoa, wala hayatuami yakauziba kwa matope. Mzee Mwashi aliyapata hayo kwa kutazama, akiwa chini ya ulinzi, akiwa na sururu mkononi. Chuo kimeyaandika katika kitabu. Ni elimu moja, na imefika kwa njia mbili.

Majirani wachache walikubali kuchimba kwa kufuata njia ile. Si mfereji mrefu, na mwaka wa kiangazi kijito chenyewe hupungua. Lakini umepita misimu kadhaa sasa na haujapasuka, na watu huuita kwa jina la Mzee Mwashi. Mpwa wangu alihitimu, akapata kazi ya kusimamia mabomba na mifereji, na sasa anasoma shahada ya uhandisi, akitumia stashahada yake kama ngazi. Mama yake humwonyesha kwa wageni, wala hamtaji mtu habari ya karai.

Vijana wasomaji, wengi wenu mtakwenda vyuoni. Baadhi yenu mtaitwa wahandisi na baadhi mafundi. Wengine mtashika hesabu za fedha, na wengine mtashika sheria ya nani apate maji siku gani. Taasisi kubwa za ulimwengu zinaunganisha shule zao kwa sababu kazi za ulimwengu hazikugawanywa kama madarasa yalivyogawanywa. Lakini taasisi yaweza kuandikwa kwa amri ya serikali katika siku moja, na watu walio ndani yake wakaendelea kudharauliana miaka mia. Muungano wa kweli huanza pale mwenye daftari anapomwuliza mwenye kijiti, "Wewe waonaje?" na akalingoja jibu.

Mimi swali hilo sikuliuliza mwaka 1986, na nilipokuwa tayari kuliuliza, mwenye jibu alikuwa amekwisha zikwa. Ninyi mnao wakati. Waulizeni wangali hai.